Mlembe, Profesa Nyegere na Sega la Mama

Ngano yaja!

(Na ije, tumekaa!)

Yaja na nini?

(Yaja na utamu, yaja na uchungu!)

Utamu atakula nani?

(Mwenye nguvu!)

Na uchungu?

(Tutagawana!)

Mbona mnaitika kama mliokatazwa kupumua? Nyie watoto wa chuo kikuu bwana! Wewe mwenye kofia, tia simu mfukoni, ngano haina video. Nimeambiwa nije niwafundishe ujasiriamali kwa ngano, eti mihadhara imewachosha. Sawa. Ninayo moja tu inayohusu mambo hayo, na kusema kweli siipendi, maana kila nikiitoa huniliza. Mkiniona nafuta macho, msiniulize kulikoni. Sikilizeni tu.

Hapo kale wanyama walikuwa na chuo kikuu. Msicheke! Walikuwa nacho, penye kichuguu kikubwa, na somo lililojaza watu kuliko yote lilikuwa Ujasiriamali Jamii. Aliyelifundisha ni Profesa Nyegere. Nyegere mnamjua? Mnyama mfupi, mgongo mweupe, tumbo jeusi, kucha kama majembe. Ngozi yake ngumu, nyuki wanamuuma mpaka wanachoka wenyewe. Anaogopwa na wakubwa na wadogo. Na asali, jamani, Nyegere na asali! Akiisikia harufu, shahada zote zinamtoka kichwani.

Akiingia darasani, grum, grum, grum, anauliza, "Tatizo ni nini?"

Darasa zima linajibu, "Tatizo ni fursa, Profesa!"

"Sijasikia! Tatizo ni nini?"

"Tatizo ni fursaaa!"

"Vizuri. Andikeni."

Wanaandika. Kila siku hivyo hivyo. Na hakuna aliyeandika kwa bidii kama Mlembe.

Mlembe ni kindege. Ukimwona hutamtazama mara mbili, rangi yake ya vumbi, sauti yake ya kelele. Lakini ana kipaji kimoja, anajua asali iliko. Kila mzinga wa porini anaujua. Taabu yake ni kwamba mdomo wake mdogo, hawezi kupasua gogo. Kwa hiyo humtafuta mwenye nguvu, akamwimbia:

*Che-che-che, nifuate,*
*asali ipo, nifuate!*

Mwenye nguvu humfuata, akapasua, akala, kisha akamwachia ndege sega lake juu ya jani. Ndiyo desturi yao tangu enzi na enzi. Hakuna mkataba, hakuna wakili. Unaachiwa sega, basi.

Mlembe huyu alilelewa na Kigong'ota, yule ndege anayegonga miti. Hakumzaa. Alilikuta yai tunduni mwake, akalikalia mpaka likaanguliwa. Majirani wakaja, "Mama, huyu si wako, tazama mdomo wake." Kigong'ota akawajibu, "Kama si wangu, mbona ananiita mama?" Wakaenda zao. Akamlea. Na kindege kilipotaka kwenda chuo, mama mtu akawatobolea viota wakubwa wote wa pale kichuguuni, akagonga miti migumu ko-ko-ko mpaka mdomo ukalika vibaya, ndipo mwanawe akapewa nafasi. Tangu siku hiyo akawa hana salamu nyingine. Ukimwambia "Hujambo," anakujibu, "Mwanangu yuko chuo kikuu."

Sasa mwaka ule moto ukapita porini. Nyasi zikaungua, upepo ukapeperusha jivu, wanyama wakaanza kukohoa. Kho! Kho! Kho! Mzee Kobe kho, watoto wa Digidigi kho, Kima mwenye mimba kho. Wakahamishiwa mwambani penye kivuli. Na Kigong'ota naye akapelekwa huko, maana jivu lilikuwa limemkaa kifuani na mti hawezi kuugonga tena. Wote walijua dawa ya kikohozi kile ni asali. Asali ipo mitini, wagonjwa wapo chini, na katikati hapana mtu.

Mlembe akanyanyua bawa darasani. "Profesa, nina mradi."

"Sema."

"Mimi nitaonyesha mizinga. Mwenye nguvu atapasua. Kila mzinga, sega moja la mpasuaji, sega moja la muonyeshaji, na yote yanayobaki yaende mwambani kwa wagonjwa. Wakipona, nao watatulindia miti isiungue tena, mizinga iongezeke. Hakuna anayepata hasara."

Darasa likapiga makofi. Nungunungu, rafiki yake aliyekaa nyuma kwa ajili ya miiba yake, akapiga kuliko wote. Profesa Nyegere hakupiga makofi. Alikuwa anameza mate.

"Mradi mzuri," akasema. "Mzuri sana. Lakini nadharia bila vitendo ni bure. Mpasuaji nitakuwa mimi mwenyewe. Twende!"

Wakaenda. *Che-che-che, nifuate.* Grum, grum, grum. Wakafika penye mti, Nyegere akaupasua, kwaaa! Masega matatu, yanachuruzika.

Nyegere akashika sega la kwanza. "Hili ni mtaji." Nyam nyam nyam.

Akashika la pili. "Hili ni gharama za uendeshaji." Nyam nyam nyam.

Akashika la tatu. Mlembe akasema, "Profesa, na wagonjwa?"

"Hili ni akiba ya mradi," akasema Nyegere, akalitia kwapani. "Wagonjwa wako awamu ya pili."

Akalipeleka shimoni kwake. Kwa Mlembe hakuacha hata nta.

Mlembe akaruka mpaka mwambani. Mama yake akainua kichwa. "Umeniletea kidogo, mwanangu? Hata cha kulowesha koo?"

"Bado, mama. Nyinyi mko awamu ya pili."

"Ah, basi vizuri," akasema mama, akamgeukia Mzee Kobe. "Unasikia? Tuko awamu ya pili. Mwanangu yuko chuo kikuu." Kho, kho, kho.

Awamu ya pili ikafika. *Che-che-che, nifuate.* Grum, grum, grum. Kwaaa! Sega la kwanza, "Hili ni tathmini." Nyam nyam nyam. La pili, "Hili ni kujenga uwezo." Nyam nyam nyam. La tatu kwapani, "Hili ni uendelevu." Shimoni.

Mlembe akarudi mwambani mikono mitupu, mabawa matupu niseme. Mama akauliza, "Leo je?"

"Leo tumefanya tathmini, mama."

"Tathmini inalambwa?"

"Hailambwi, mama."

"Basi usijali. Soma mwanangu. Mimi nipo." Lakini alisema polepole, na kati ya neno na neno alikuwa anatafuta pumzi. Mlembe aliliona hilo. Akatoka pale analia.

Mara ya tatu Mlembe hakuimba. Alimfuata Profesa pale pale kichuguuni, akampigia magoti. "Profesa, shikamoo. Sitaki mradi leo. Nakuomba sega moja katika akiba yako shimoni. Mama yangu amezidiwa."

Nyegere akashtuka. Si kwa huruma, kwa ajili ya sega! Akaangalia juu, akaangalia chini, akatafuta neno. Akalipata.

"Mama yako? Mama yako mzazi?"

"Mlezi, Profesa. Lakini ni mama."

"Mgongano wa maslahi!" Nyegere akanguruma mpaka kichuguu kikatikisika. "Mjasiriamali jamii hahudumii jamaa zake! Jamaa wa mwenye mradi huhudumiwa wa mwisho kabisa, watu wote wakishapata. Ndiyo heshima ya taaluma. Andika hilo!"

Mlembe akaandika. Machozi yanadondoka, naye anaandika. Nyie mnaoguna huko nyuma, mngefanya nini? Mlembe aliamini. Alimjua Nyegere kuwa mlafi, hilo alishaliona kwa macho. Ila mdomoni mwa mlafi lilitoka jambo lililosikika la haki, nalo likamwingia. Tukisema kweli, hata sisi tungelipigia mstari.

Basi Mlembe akakaa juu ya tawi, akawaza. Kupigana na Nyegere hawezi. Kuiba shimoni hawezi. Akamtazama Profesa anavyojilamba vidole, akasema moyoni, huyu haachii alichonacho ila akiona kikubwa zaidi.

Kesho yake akaja darasani anahema. "Profesa! Profesa! Amekuja!"

"Nani?"

"Mwekezaji!"

Nyegere alikuwa amekaa, akasimama. Alikuwa amesimama, akakaa. "Mwekezaji gani?"

"Wa ng'ambo ya mto. Mkubwa huyo! Ana msitu mzima wa mizinga, hajui aupeleke wapi. Anatafuta profesa mmoja wa ujasiriamali jamii amkabidhi wote."

"Wote?"

"Wote."

"Na nyuki wake?"

"Na nyuki wake, na maua yao."

Mate yakamtoka Nyegere, chururu. "Nipeleke!"

"Polepole, Profesa. Ana masharti. Yeye hasomi maandiko, yeye ananusa. Atapita mwambani anuse vinywa vya wagonjwa. Vikinuka asali, anasema hapa pana mwalimu wa kweli. Vikinuka jivu, anageuza na msitu wake."

Nyegere akakuna tumbo. "Kila mgonjwa?"

"Kila mgonjwa. Halafu atanusa shimo lako. Akisikia harufu ya sega hata moja limefichwa, anageuza na msitu wake."

"Loo!"

"Halafu atanusa mdomo wako wewe. Mwalimu wa kweli, anasema, mdomo wake mkavu. Ukinuka asali, anageuza na msitu wake."

Hapo Nyegere akatoa mlio kama wa mtoto aliyeachishwa ziwa. Lakini msitu mzima! Akapiga hesabu za ulafi, akaona masega ya shimoni si kitu. Akakimbilia kwake, grum-grum-grum-grum, akaingia shimoni, akatoka na masega, akaingia, akatoka. Akayabeba yote mpaka mwambani, mgongoni, kwapani, kichwani, na nyuki wanamfuata vuuu kama bibi harusi na wapambe wake. Akayatua. "Wapeni! Wapeni upesi! Hakikisheni vinywa vinanuka!" Kisha akatimua mbio mtoni kwenda kusugua mdomo wake kwa mchanga, kwasha-kwasha-kwasha, amsubiri Mwekezaji.

Mwekezaji hakuwepo! Hayupo mpaka leo! Kindege kisichozidi kiganja kimemtoa Nyegere asali yake yote, tena kambebesha mwenyewe. Chekeni hapo, nawaruhusu. Chekeni sasa maana mbele sitawaruhusu.

Wagonjwa walikuwa wamepangwa foleni ndefu kando ya mwamba, na Nungunungu ndiye aliyekuwa akikata masega kwa miiba yake. Akakata kipande cha kwanza kikubwa, akampa Mlembe. "Haraka, anza na mama."

Mlembe akakishika. Akamtazama mama yake. Kigong'ota alikuwa amelazwa kwenye gogo, macho nusu wazi, na kwa kuwa sauti ilikuwa imekauka, alimwita mwanawe kwa mdomo, akigonga gogo taratibu. Ko. Ko. Ko.

"Nungu," Mlembe akasema, "mama ni wa mwisho."

"Una wazimu? Profesa hayupo! Nani atakuona?"

"Si suala la kuonwa. Nikimpa mama kwanza, wagonjwa watasema nilifanya yote haya kwa ajili ya mama yangu."

"Na ulifanya kwa ajili ya nani?"

Mlembe akageuka, akampa Mzee Kobe kile kipande. Kobe akalamba, lamba lamba, kikohozi kikatulia.

Mama akagonga. Ko. Ko.

Watoto wa Digidigi, kila mmoja na chake. Lamba lamba, kikohozi kikatulia. Mdogo wao akaomba tena, akapewa tena.

Mama akagonga. Ko. Ko.

Mlembe akampigia kelele toka mbali, "Mama, nakuja! Wamebaki wachache!" Na mama akatikisa kichwa kwamba amesikia. Mgonjwa aliyekuwa kando yake, Kima mwenye mimba, akasema, "Jamani, mpeni kwanza huyu bibi, mimi naweza kungoja." Lakini Kigong'ota akamnong'oneza, "Hapana mwanangu, kula. Wana utaratibu wao. Ni wasomi hawa."

Kima akala. Lamba lamba, kikohozi kikatulia.

Mama akagonga. Ko.

Walibaki Sungura na mkewe. Wakala. Mlembe akachukua sega la mama, alikuwa amemwekea lililo nono kuliko yote, lenye asali nyeupe ya maua ya mgunga. Akaruka nalo. Akatua kwenye gogo.

"Mama, zamu yako."

Kimya.

"Mama, asali hii hapa. Fungua mdomo."

Akaufungua mdomo wa mama yake kwa mdomo wake, akadondosha asali tone moja. Ikaingia. Haikumezwa. Ikarudi ikatiririka shavuni, ikalowesha manyoya ya shingo. Akadondosha tena. Ikatiririka tena. Nungunungu akaja, akamshika bawa. "Basi, Mlembe. Basi, rafiki yangu." Lakini aliendelea kudondosha, na asali ikaendelea kutiririka, mpaka sega likawa nta tupu.

Ngojeni kidogo. Nipeni maji hapo.

Haya.

Wakiwa katika hali ile, wakasikia grum, grum, grum. Profesa Nyegere huyo anakuja, mdomo umechubuka kwa mchanga, amengoja mtoni mpaka jua limempasua kichwa. "Mwekezaji yuko wapi?"

Mlembe hata hakunyanyua kichwa. "Hayupo, Profesa. Hakuwepo."

"Nini?"

"Nilikudanganya. Asali imeliwa."

Nyegere akanyanyua kucha zake. Ingekuwa jana, Mlembe angekuwa manyoya tu yanaelea. Lakini wagonjwa walikuwa wameshasimama. Kima akashika jiwe, Nungunungu akasimamisha miiba, chakacha, hata Mzee Kobe akajivuta akakaa mbele. Nyegere akawaangalia wote wana nguvu, na nguvu zenyewe ni za asali yake. Akashusha kucha. Ndipo akamwona Kigong'ota amelala pale na shingo imelowa.

"Huyu ana nini?"

"Ni mama yangu."

"Asali yote ile nimebeba mwenyewe, na mama yako hukumpa?"

"Nilimpa, Profesa. Nilimpa wa mwisho, kama ulivyotufundisha."

Nyegere akakunja uso, akajaribu kukumbuka. "Mimi? Nilifundisha hivyo?"

"Mgongano wa maslahi. Jamaa wa mwenye mradi huhudumiwa wa mwisho kabisa. Nimeandika."

Profesa Nyegere akamsogelea yule ndege. Nasikia ndiyo siku pekee katika maisha yake aliyozungumza bila kunguruma.

"Mtoto we," akasema, "mimi nilisema vile ili nisikupe sega."

Akaondoka zake.

Chuoni, matokeo yalipotoka, Mlembe alikuwa wa kwanza. Walisema mradi wake umewafikia walengwa wote isipokuwa mmoja, na kwa mradi wa mwanafunzi hiyo ni nzuri sana. Wakamwita akapokee zawadi. Hakwenda. Nungunungu ndiye aliyempokelea.

Sasa mnataka funzo. Najua mnataka, nyie hamwezi kutoka mahali bila funzo, mtaona mmepunjwa. Andikeni basi. Funzo la ngano hii ni kwamba mwanafunzi mwema huyashika yote anayofundishwa, hachagui. Ni kwamba taratibu ni taratibu, na kikohozi hakina budi kusubiri foleni. Ni kwamba walafi ndio walimu bora, maana bila ulafi wa Nyegere wagonjwa wangepata wapi asali yote ile mahali pamoja? Na funzo kubwa kuliko yote, mama hana haraka. Mama anangoja. Mwekeni wa mwisho, hatalalamika.

Mmeandika? Wewe mwenye kofia, mbona huandiki? Unalia nini? Mimi nimesema somo zuri namna hii na wewe unalia.

Ngano yangu naitua!

(Itue, tumeipokea!)

Aliyekula utamu?

(Ajifute mdomo!)

Aliyekula uchungu?

(Tumegawana!)

Hamjagawana. Mlembe alibaki nao peke yake.